Pima, Kasa na Kilo: Biashara ya Wanawake wa Ndau na Kiwayu

Chukua ramani ya Kenya, msomaji, uweke kidole chako juu ya mji wa Lamu. Kisha kipeleke kidole pole pole upande wa kaskazini mashariki, ukiifuata pwani kuelekea mpaka wa Somalia. Utakipita kisiwa cha Manda. Utakipita kisiwa kikubwa cha Pate, chenye miji ya kale ya Pate, Siyu na Faza. Na kabla ya kukifikia kisiwa chembamba cha Kiwayu utakuta kisiwa kidogo ambacho wachoraji wengi wa ramani hawakujipa taabu ya kukiandika jina. Hicho ndicho Ndau. Wenyeji wake ni Wabajuni. Wanaume wao ni wavuvi na mabaharia, na sifa zao zimekwisha andikwa katika vitabu vingi. Juu ya wanawake wao hayakuandikwa mengi, na nadhani sababu yake ni kwamba kazi ya mwanamume huonekana baharini, ina tanga na ina kelele. Kazi ya mwanamke hufanyika uani, kimya, huku mtoto amelala kando yake.

Nataka kukusimulia habari ya kazi hiyo ya uani katika visiwa hivi, na jinsi ilivyogeuka biashara iliyofika Ulaya na Marekani. Siku hizi wanawake wafanyao mambo kama hayo huitwa wajasiriamali. Neno ni jipya. Kazi yenyewe ni ya zamani mno.

Kabla plastiki haijaenea, hapakuwa na nyumba ya pwani isiyokuwa na mkeka. Mtu alizaliwa juu ya mkeka, akalala juu yake, akasali juu ya mswala, akala chakula kilichofunikwa kwa kawa. Na siku ya kufa kwake mkeka ulikuwapo pia. Vitu hivi vyote vilitoka katika mikono ya wanawake. Mti wao ni mkoma, na majani yake huitwa miaa. Majani hukatwa yakiwa machanga, huanikwa juani hata yawe meupe, huchanwa vipande vyembamba vilivyo sawa, na yale yatakiwayo rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi yenyewe. Ndipo kusuka kunapoanza. Mwanamke husuka utepe mrefu uitwao ukili, akiupima na kuukunja, akiupima na kuukunja. Na ukili ukitimia huushona ubavu kwa ubavu hata ukawa mkeka. Mkono usiotulia haufai kwa kazi hii, kwa maana ukili uliolegea mahali pamoja huupinda mkeka mzima.

Ukili ulipimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Nakuomba ulishike neno hilo. Msukaji alijua pima ngapi za ukili huingia katika mkeka mmoja. Alijua siku ngapi zilimlazimu kukaa chini. Kwa hiyo aliijua thamani ya mkeka wake hata kabla mchuuzi hajabisha hodi. Tena, fedha aliyolipwa ilikuwa yake. Sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo sheria ya nyumba za visiwa hivi, haichanganyi mali ya mke na mali ya mume: alichokichuma mke ni chake, wala mume hana haki ya kukitwaa pasipo ridhaa yake. Yafaa ukumbuke kwamba katika nchi ya Uingereza mwanamke aliyeolewa hakupewa haki kama hiyo kwa ukamilifu hata ilipotungwa sheria ya mwaka wa 1882.

Wala usidhani kuwa kazi za mikono zilikuwa jambo dogo katika sehemu hizi. Wareno walipofika pwani ya Afrika Mashariki waliikuta Pate ikisifika kwa nguo za pamba na hariri, zilizotakiwa sana katika miji mingine ya pwani; na baadaye Siyu ikapata jina kwa mafundi wake wa ngozi, wa mbao na wa vyuma. Mkeka haukutajwa sana pamoja na vitu hivyo vya fahari. Nao ulikuwamo majahazini vile vile, umekunjwa chini ya shehena nyingine.

Hata hivyo mkeka ulikuwa na udhaifu wake, na udhaifu huo haukuwa katika ukili bali katika safari. Kisiwa kidogo hakina soko la kutosha. Kila nyumba ina msukaji wake, na jirani hamwuzii jirani kitu alicho nacho. Kwa hiyo mikeka ilipelekwa Lamu na Mombasa. Msukaji alibaki nyumbani. Mchuuzi ndiye aliyekwenda sokoni, ndiye aliyeijua bei ya huko, na aliporudi alisema aliyotaka kusema. Sisemi kuwa kila mchuuzi alikuwa mwongo. Nasema kuwa mtu mmoja alizijua bei mbili, na mwenzake aliijua moja tu. Huo ndio mzizi wa habari yetu yote, na utauona ukichipuka tena mbele.

Mambo yaliyofuata baada ya uhuru wa Kenya yalikuwa mazito kwa Wabajuni. Vita vya mashifta, vya tangu mwaka wa 1963 hata 1967, viliwafukuza watu wengi katika vijiji na mashamba yao ya bara, wakakimbilia visiwani na wengine mbali zaidi. Mwaka wa 1979 Serikali ilitangaza sehemu ya bahari na visiwa vidogo vilivyo jirani kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, ili matumbawe, kasa na nguva wasiangamizwe. Jambo jema, ila mvuvi aliyezoea kutupa wavu wake popote alitakiwa sasa ajifunze mipaka. Na katika miaka hiyo hiyo plastiki iliingia madukani. Mkeka wa plastiki haukuhitaji mtu kukaa chini wiki nzima. Ulikuwa na rangi za kung'aa, ulioshwa kwa maji ukakauka mara moja, na bei yake ilikuwa nafuu. Msukaji wa ukili atashindanaje na mtambo?

Basi bahari ikaleta kitu kingine.

Ukanda wa pwani unaotazama bahari kuu, upande wa Kiwayu na visiwa vya jirani, hupokea takataka zilizotupwa mbali sana. Mikondo ya Bahari ya Hindi na pepo za msimu, kaskazi na kusi, husukuma kila kieleacho. Na katika vieleavyo hakuna kilichozidi ndara za mpira, zile ambazo wengine huziita malapa, wengine kandambili, na wengine patipati. Ni kiatu cha maskini wa dunia nzima. Kikikatika kidoto hutupwa, mto hukichukua, bahari hukipokea, wala hakiozi. Ndara hizo zilirundikana katika fukwe ambazo kasa jike hupanda usiku ili kutaga mayai.

Mwaka wa 1997 mwanamke mmoja mtaalamu wa viumbe vya baharini, Julie Church, alikuwa Kiwayu akifanya kazi ya kulinda bahari katika hifadhi ya Kiunga pamoja na shirika la WWF. Aliona watoto wa kisiwa wakizichonga ndara zilizookotwa ufukoni na kujitengenezea vitu vya kuchezea. Wengine walikwisha yaona hayo bila kuyaangalia. Yeye aliyaangalia, akawaendea mama zao. Akawashauri wazikusanye ndara, wazioshe, wazikate, na kutengeneza vitu vidogo vya kuuza.

Hapa yanipasa nitoe rai yangu mwenyewe. Habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba wanawake wale walikuwa wamekaa bure wakingoja mgeni awafundishe kazi. Mimi naona mgeni alileta soko, mikono aliikuta. Mtu aliyelelewa akichagua miaa ya rangi mbali mbali ili ukili utoke na mapambo yaliyopangika, na aliyezoea kuona kosa la upana wa uzi mmoja, hana haja ya kufundishwa jinsi ya kuweka kipande cha buluu karibu na cha manjano. Ndara zilioshwa kwa sabuni, zikapangwa kwa rangi, zikagundishwa tabaka juu ya tabaka, zikakatwa kwa kisu kikali na kusuguliwa kwa msasa hata zikawa laini. Takataka ikawa kasa mdogo wa rangi saba.

Kisha likaja agizo kubwa. WWF walitaka vishikizo vya funguo vyenye umbo la kasa, na idadi yake ilikuwa 15,000. Ni rahisi kuisoma tarakimu hiyo. Hebu tuifanyie hesabu. Tuseme wapo wanawake 50 wa kufanya kazi hiyo. Kila mmoja atengeneze kasa 300, wala si kasa apendavyo, bali kasa walio sawa na wale wa wenzake 49, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hamjui fundi. Ajua kielelezo alichoonyeshwa tu. Atakayekagua ni nani? Kasa aliyepindwa atarudishwa kwa nani, na ni nani atakayethubutu kumwambia shangazi yake kuwa kazi yake haifai? Sabuni, gundi na misasa vitanunuliwa kwa fedha ya nani kabla malipo hayajafika? Maji ya kuoshea yatatoka wapi katika visiwa ambavyo maji matamu hayapatikani kwa urahisi? Mtu asemaye kuwa kazi za mikono si biashara kamili hajapata kutimiza agizo.

Maswali hayo hayakuanza Kiwayu. Mwaka wa 1946 mwanamke wa Marekani aliyeitwa Edna Ruth Byler alikwenda kisiwa cha Puerto Rico, akawakuta wanawake wadarizi wenye ujuzi mwingi na mapato machache. Akanunua vitambaa vyao, akarudi navyo kwao Pennsylvania, akawa anavichukua katika gari lake na kuwauzia majirani na marafiki, ili fedha irudi kwa waliodarizi. Kutokana na safari hizo lilikua shirika linaloitwa leo Ten Thousand Villages. Huko Ulaya pia watu walianza kufanya vivyo hivyo, na mwaka wa 1989 mashirika ya namna hii yalifanya umoja wa dunia, ambao leo hujulikana kwa jina la World Fair Trade Organization. Kwa Kiswahili twaweza kuiita kazi yao biashara ya haki.

Umoja huo una kanuni 10. Sitakuchosha kwa kuzitaja zote. Zataka bei iafikiwe na pande mbili kwa mazungumzo. Zataka mwanamke alipwe sawa na mwanamume kwa kazi iliyo sawa. Zakataza watoto kutumikishwa. Lakini ipo kanuni moja ambayo mtu wa mjini aweza kuipita haraka, nayo kwa mtu wa kisiwani ni kubwa kuliko zote: mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa, yampasa atoe nusu ya bei mbele, pasipo riba. Yaani atoe arubuni. Fikiri maana yake kwa mwanamke wa Ndau. Bila arubuni hukopa dukani ili anunue gundi, na deni humlazimisha auze upesi, na auzaye upesi huuza rahisi. Mwenye arubuni aweza kukataa. Nami sijui kipimo cha haki katika biashara kilicho bora kuliko hicho, yaani kama muuzaji aweza kukataa.

Katika Kenya yenyewe wachongaji wa Kikamba walilitambua jambo hilo mapema. Mwaka wa 1963 waliunda chama cha ushirika Mombasa, ili vinyago vyao viuzwe katika duka lao wenyewe na faida isiishie kwa madalali. Chama hicho kilikuwa karibu na bandari, karibu na barabara, karibu na wageni. Wanawake wa visiwa vya kaskazini hawakuwa karibu na kitu chochote isipokuwa bahari.

Kwa sababu hiyo haishangazi kwamba kazi ya ndara ilihama. Mwaka wa 2005 Julie Church pamoja na Tahreni Bwanaali walianzisha kampuni ya kutengeneza vitu kwa ndara kuukuu, iitwayo UniquEco, yenye karakana Nairobi. Na baadaye kazi hiyo iliendelea kwa jina la Ocean Sole. Huko Nairobi kuna umeme, kuna uwanja wa ndege, kuna wateja. Wachongaji waliokuwa wakichonga miti walibadili mti wakashika mpira, na miti ikapumua. Kasa mdogo wa kishikizo cha funguo akafuatwa na tembo, twiga na simba, wengine wakubwa kama mnyama mwenyewe, wakasafirishwa kwenda kupambwa katika nchi za ng'ambo. Watu wa pwani wakawa wakusanyaji: huziokota ndara, na kuziuza kwa kilo.

Sasa likumbuke lile neno nililokuomba ulishike. Mkeka ulipimwa kwa pima, na pima ni mikono ya msukaji mwenyewe. Kasa alihesabiwa mmoja mmoja, na ndani ya kila mmoja mlikuwa na ujuzi wa aliyemkata. Ndara hupimwa kwa kilo, na mizani ni ya mnunuzi. Katika kilo hamna ujuzi. Mna uzito tu. Aliyeokota hulipwa kwa mgongo wake ulioinama, na malipo ya ubunifu huenda kwa mkono wa mwisho uliokishika kitu. Sisemi haya kwa kulaumu. Kampuni isiyouza hufa, na ikifa hata hiyo kilo haina mnunuzi. Tena fuko zilisafishwa, na fedha taslimu ilifika mahali ilipokuwa haba. Lakini wewe unayejifunza historia usikubali kuridhika kwa kuambiwa kuwa biashara imekua. Uliza imekulia wapi, na ni sehemu gani ya kazi iliyobaki pale ilipozaliwa.

Fedha hiyo taslimu ilipata kuwa na thamani zaidi ya vile mtu alivyodhani. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli ya watalii upande wa Kiwayu, wakamwua mgeni mmoja Mwingereza na kumteka mkewe. Mwezi uliofuata majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Wageni waliokuwa wakinunua vitu ufukoni walitoweka. Na kwa ajili ya usalama wavuvi wa Lamu walikatazwa kwa miaka kadhaa kuvua usiku, ambao kwa nyavu nyingi ndio wakati wa kuvua. Katika nyumba ambayo chombo cha baba kimefungwa ufukoni, senti ya mama hubadili cheo. Haiwi tena ya sukari na sabuni; huwa ndiyo ya unga, na ya karo ya skuli.

Liko jambo jingine ambalo halipimwi kwa pima wala kwa kilo, nalo ni jina. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba iandikishiwe neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara katika nchi ile. Laiti ombi hilo lingekubaliwa, mfanya biashara wa Mombasa au Lamu angaliweza kuzuiwa kuuza kikoi huko kwa jina ambalo babu yake alilitumia. Watu wa Kenya walipinga, wakisaidiwa na watetezi wa biashara ya haki wa Uingereza kwenyewe, na mwaka wa 2008 ombi likaachwa. Kikoi kilipona kwa kuwa kina jina linalojulikana. Kasa wa ndara hakuwa na jina la Kibajuni lililomfuata ng'ambo. Naye mwanamke aliyemkata wa kwanza hatajwi popote.

Mwaka wa 2018, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, fundi Ali Skanda wa Lamu na wenzake walishusha majini chombo cha namna yake. Kilikuwa na urefu wa mita 9, kimeundwa kwa tani 10 za taka za plastiki kwa kufuata ufundi ule ule wa majahazi ya mbao, na ubavu wake wote umefunikwa kwa ndara za rangi zote. Wakakiita Flipflopi. Mapema mwaka wa 2019 kilitweka tanga kikasafiri kutoka Lamu hata Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikipokewa bandari baada ya bandari, na picha zake zikaenea duniani. Sifa alipewa fundi, naye aliistahili, maana kuifanya plastiki itii misumari na shoka si kazi ya mchezo.

Ndara zilizofunika ubavu ule zilikuwa 30,000. Hazikujiokota. Kila moja iliinamiwa na mtu, ikakung'utwa mchanga, ikatiwa guniani. Wakati wa maji kupwa waweza kuwaona wanawake na watoto wakitembea katika fuko za visiwa vile, macho chini. Na wao watakwambia kuwa ni nadra sana kupata jozi iliyotimia. Ya kushoto hufika peke yake, na ya kulia imechukuliwa na maji kwenda pengine.